"Sistimu Ndiyo Imefunga": Mashine Ikikosea, Nani Anajibu?

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa vijana Makina, Kibera, baada ya Alasiri, kisha nikayarudia Kawangware. Wengi waliniomba niyaandike, juu siku ile ya Makina mvua kwenye mabati ilimeza nusu ya maneno. Nimeandika vile nilivyosema, nikiongeza kidogo pale nilipokatizwa.



Nianze na simu. Wewe unayesoma hii, kuna uwezekano unaisoma kwenye simu ya kulipa mdogo mdogo. Ulitoa dipoziti, ukapewa simu, na kila siku unatuma kitu kidogo mpaka ikuwe yako. Hakuna aibu hapo, hata mimi ya kwanza niliipata hivyo. Mdogo wangu pia anayo.

Usiku wa Alhamisi moja alilipa kama kawaida. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, pesa imetoka, jina la kampuni liko pale. Alfajiri ya Ijumaa ameamka akakuta simu imejifunga. Kwenye skrini kuna alama ya kampuni, nambari ya kupiga, na maneno ya kumwambia alipe. Sasa huyu ni mtu wa boda, steji yake iko 46 pale Kawangware, na wateja wake humpigia. Mama wa mboga akitaka gunia litolewe sokoni saa kumi na moja asubuhi, anapiga. Simu ikifungwa, kazi imefungwa.

Nikapiga kwa simu yangu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana, sitamsema vibaya. Nikamwambia, "Dada, kijana amelipa jana, mbona mmefunga?"

"Pole sana kaka. Sisi hatujafunga, ni sistimu ndiyo imefunga."

"Basi mfungue."

"Sistimu itafungua yenyewe malipo yakionekana."

"Na nikitaka kuongea na huyo sistimu?"

Akanyamaza, halafu akacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini ilikaa siku nne. Siku nne za boda ni kodi ya nyumba inayoelea hewani, na hakuna mtu hata mmoja aliyekubali kwamba yeye ndiye alifunga. Na kusema kweli, dada yule hakudanganya. Hakuna binadamu aliyeamka usiku akabonyeza kitufe. Programu iliwekwa ndani ya simu kabla haijauzwa. Inaulizana na kompyuta ya kampuni: huyu amelipa? Jibu likiwa hapana, inafunga. Jibu likiwa na makosa, inafunga vilevile.

Ukisikia "roboti" usifikirie tu lile dude la sinema lenye macho mekundu. Mashine inayoamua yenyewe iko mfukoni mwako tayari. Inaamua kama utapata mkopo. Inaamua kama akaunti yako ya kubeba abiria itaendelea au itazimwa. Swali ambalo nataka tukae nalo leo ni moja: ikiamua vibaya na wewe ukaumia, nani anajibu mbele ya sheria?

Tuanze na kitu tunachokijua, matatu. Matatu ikigonga mtu pale Ngong Road, hakuna anayeishtaki Nissan yenyewe. Wakili anatafuta dereva, anatafuta mwenye gari, na nyuma yao anatafuta bima. Sheria ya Trafiki inasema aliyeandikishwa kama mwenye gari anahesabiwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Na kuna sheria nzima, Sura ya 405, inayolazimisha kila gari liwe na bima kwa ajili ya yule aliye nje ya gari, yule anayegongwa. Kwa nini? Kwa sababu watu walishaona zamani kwamba ukimwachia aliyevunjika mguu kazi ya kukimbizana na dereva aliyetoroka, hatapata chochote. Anayechukua faida ya gari ndiye abebe hasara yake.

Na wewe uliyepita madrasa unakumbuka kisa cha Nabii Dawud na Nabii Sulayman, alayhimas salaam, kilichotajwa katika Surat al-Anbiyaa. Kondoo wa watu waliingia usiku kwenye shamba la mtu wakalila. Baba na mwana walitofautiana namna ya kulipa. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, "Tumuulize kondoo." Kondoo ana miguu yake, anatembea, anachagua majani, na bado mwenye kondoo ndiye aliyekuja kujibu.

Sasa mashine zimekuja na tatizo jipya kidogo, na hapa nataka tuende Marekani halafu turudi Kibera, juu safari hii inaanzia Kibera.

Tarehe 18 Machi 2018, usiku, katika mji wa Tempe, Arizona, mama mmoja aliyeitwa Elaine Herzberg alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Gari la majaribio la Uber lililokuwa linajiendesha lenyewe lilimgonga akafa. Wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani walipofungua kumbukumbu za gari, walikuta lilimwona zaidi ya sekunde tano kabla ya kumgonga. Liliona kitu, lakini likawa linabadilisha mawazo: ni kitu kisichojulikana, ni gari, ni baiskeli. Halikuwa limeundwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Na breki za dharura zilizokuja na gari kutoka kiwandani zilikuwa zimezimwa na kampuni wakati kompyuta inaendesha.

Ndani kulikuwa na mfanyakazi wa kuangalia tu, asishike usukani ila kukiwa na shida. Alikuwa anaangalia simu yake. Ni kosa, sitamtetea. Lakini angalia lawama ilivyoteremka. Kampuni ilimalizana na familia kwa makubaliano, na Machi 2019 mwendesha mashtaka akasema haoni msingi wa kuishtaki kwa jinai. Mfanyakazi alishtakiwa mwaka 2020, na Julai 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Aliyeamua breki zizimwe hakusimama kizimbani. Mfanyakazi aliyekaa ndani ya gari ndiye aliyebaki ameshika mzigo.

Kibera inaingiaje? Mwaka huohuo wa 2018 BBC walikuja Nairobi wakaonyesha vijana, mmoja wao mkaazi wa Kibera, wanaofanya kazi Samasource, wakikaa mbele ya kompyuta siku nzima kuchora mistari kuzunguka picha: hili gari, huyu mtu, hii ni alama ya barabara. Picha hizo ndizo zinazofundisha magari ya kujiendesha kuona. Malipo yalikuwa kama dola tisa kwa siku. Sisemi picha za gari la Tempe zilitoka hapa, hilo sidai. Ninachosema ni kwamba mkono wa kijana wa hapa uko ndani ya macho ya hizo mashine. Januari 2023 gazeti la TIME likaandika tena kuhusu vijana wa Nairobi waliosoma maandishi machafu siku nzima kwa malipo ya chini ya dola mbili kwa saa, ili mashine ya OpenAI ijue maneno mabaya ni yapi.

Kwa hiyo wewe kijana wa mtaa uko pande zote mbili za hii kesi. Unaweza kuwa yule ambaye mashine imemfungia simu. Na unaweza kuwa yule aliyechora mstari vibaya saa kumi jioni akiwa amechoka, na kesho gari likikosea mtu aseme, "Aliyelifundisha ndiye aliyekosea." Mimi naogopa hiyo ya pili zaidi. Mzigo ukikosa mwenyewe huteremka, na sisi tunaishi chini, kule maji hukusanyika.

Kuna waliopendekeza njia rahisi: mashine yenyewe ihesabiwe kama mtu mbele ya sheria. Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kutaka wazo hilo lichunguzwe, kwamba roboti zenye akili nyingi zinaweza kuwa "watu wa kielektroniki" wenye wajibu wa kulipa madhara. Mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 150 waliandika barua kupinga. Na mimi napinga kwa akili ya mtaa tu. Mashine ikishindwa kesi italipa na nini? Haina mfuko. Ukiifunga jela, umeifunga kutoka wapi? Mtu pekee atakayefurahi ni yule aliyeiunda. (Kando kidogo: Oktoba 2017 roboti mmoja anaitwa Sophia alitangazwa kupewa uraia wa Saudia, pale Riyadh, kwenye mkutano wa wawekezaji. Nikakumbuka vijana wa Kinubi wa hapa Makina waliopitishwa mbele ya kamati ya vetingi ndiyo wapate kitambulisho cha nchi waliyozaliwa wao na baba zao. Sophia hakuulizwa babu yake alizikwa wapi.)

Hiyo hila ya kusukumia mashine imejaribiwa mahakamani kweli. Kanada, mtu alifiwa na bibi yake Novemba 2022, akauliza roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya waliofiwa. Ikamwambia kata tiketi, utaomba kurudishiwa ndani ya siku 90. Alipoomba akanyimwa, ati roboti ilikosea. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia kampuni ikatoa hoja ambayo kwa maneno ya kawaida ilikuwa: roboti ni kitu kinachojitegemea, inajibu yenyewe kwa matendo yake. Februari 2024 baraza likasema hapana, tovuti ni yenu na kila kilichomo ni chenu, mlipeni. Pesa zenyewe ni dola mia chache tu. Lakini mlango ule ulifungwa.

Turudi nyumbani. Usidhani Kenya hatuna kesi, tunazo, na nyingine zimeanzia hapahapa.

Kaskazini, Garissa na Wajir, kuna maelfu ya ndugu zetu Wakenya ambao miaka ya njaa wazazi wao waliwaandikisha kambini Dadaab wakiwa watoto, ili wapate chakula. Wakifika miaka 18 wakaenda kuchukua kitambulisho, vidole vikawekwa kwenye mashine, na mashine ikasema: mkimbizi. Mwisho wa mazungumzo. Huyu mtu ana baba mwenye kitambulisho, ana mama mwenye kitambulisho, ana cheti cha shule, lakini afisa anageuza skrini anamwonyesha. Bila kitambulisho huna laini ya simu, huna akaunti, na kwenye kizuizi cha polisi unashushwa kwenye basi. Unaona ni neno lilelile la dada wa simu? "Siyo mimi, ni sistimu." Ila hapa inayosema ni serikali. Na Katiba, kifungu cha 47, inasema ukifanyiwa uamuzi wa kiutawala unaokuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. "Vidole vimegoma" siyo sababu, ni mwanzo tu wa kutafuta sababu.

Na hapa Kibera, Nubian Rights Forum walikwenda Mahakama Kuu kuhusu Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walisema serikali haiwezi kuchukua DNA wala mahali unapoishi kwa GPS, na mfumo hauwezi kuendelea bila sheria kamili za kuulinda. Oktoba 2021 Mahakama Kuu tena, katika kesi ya Katiba Institute, ikasema kuzinduliwa kwa kadi bila kupima kwanza hatari yake kwa data za watu kulikuwa kinyume cha sheria. Mimi hii naipenda kuliko zote, juu inaweka wajibu mahali pake kabla mtu hajaumia. Huwezi kuwasha mashine juu ya watu milioni 50 halafu ndiyo uanze kuuliza itagonga nani.

Wakubwa kati yenu mnakumbuka "fungua sava". Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi ifungue sava zikaguliwe. Tume haikutii vya kutosha, na majaji walio wengi, walipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, waliichukulia tume vibaya kwa hilo. Weka siasa kando, chukua funzo la kisheria: mwenye mashine akikataa kuifungua, mahakama inaweza kuamini kwamba kilichomo ndani kinamuumiza.

Na iko moja inaendelea. Novemba 2021 huko Bahir Dar, Ethiopia, Profesa Meareg Amare aliuawa baada ya machapisho ya Facebook yaliyomtaja na kumchochea watu. Mwanawe na wenzake, pamoja na Katiba Institute, waliishtaki Meta hapa Nairobi Desemba 2022. Dai lao haliishii kwa walioandika. Linasema mashine ya kampuni inayochagua nini kiende juu na nini kishuke ilisukuma chuki mbele kwa sababu chuki inashikilia watu. Meta walisema mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Tarehe 3 Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inayo. Kesi yenyewe bado haijaamuliwa, lakini fikiria: swali la kama mashine ya kuchagua habari inamfunga mwenyewe kisheria litajibiwa Milimani, nauli ya matatu moja kutoka hapa.

Kule Kawangware dada mmoja aliuliza: na droni za vita je, na Gaza? Nilimjibu kifupi, narudia kifupi. Aprili 2024 waandishi wa jarida la +972, la Israel, waliandika wakinukuu maafisa wa ujasusi kwamba mfumo uitwao Lavender ulikuwa ukiweka alama watu wa kulengwa, na afisa mmoja akasema alitumia kama sekunde 20 kwa kila jina. Jeshi lilikana kwamba mashine ndiyo inachagua, likasema ni chombo tu na binadamu ndiye anaamua. Sawa. Kama binadamu anaamua, basi binadamu ana jina, na jina linaweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Hawawezi kushika pande zote mbili.

Sasa sheria yako wewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Kuna mianya, nisikufiche: ikiwa ni lazima kwa mkataba, ikiwa sheria imeruhusu, au ikiwa ulikubali mwenyewe, na sote tunajua tunavyobonyeza "Nakubali" bila kusoma. Lakini hata wakiingilia mwanya huo, lazima wakujulishe kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine, na wewe unaweza kudai uangaliwe upya au ufanywe upya na si mashine peke yake. Yaani lile jibu la "sistimu itafungua yenyewe" si jibu la kisheria. Ukikataliwa, unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Unaweza kuyaandika au kuyasema kwa mdomo, na yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90. Ukiumia kwa kuvunjwa sheria hiyo unaweza kudai fidia, na sheria inahesabu hasara ya pesa na pia ile dhiki ya moyo. Kama shida ni mkataba wa bidhaa na pesa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, kiwango mpaka shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Udhaifu upo. Sheria yetu haijasema waziwazi kwamba mwenye mashine anajibu hata kama hakuna aliyezembea, kama vile gari linavyolazimishwa kuwa na bima. Leo mzigo wa kuthibitisha uko kwako, na ushahidi wote uko ndani ya kompyuta yao. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mbunge wako anafaa kuulizwa, na mimi sijasikia hata mmoja akiulizwa mazishini.

Kwa hiyo shika ushahidi wako mwenyewe. Picha ya skrini ikionyesha saa. Ujumbe wa malipo, usiufute. Ukipiga simu, andika tarehe na jina la aliyekujibu. Halafu usigombane na dada wa simu, naye ni mtoto wa mtu, pengine anaishi Gatwekera. Mwombe kitu kimoja tu: jina la kampuni kamili ilivyosajiliwa na barua pepe ya anayeshughulikia data. Hapo umemtoa sistimu kwenye mazungumzo umemleta binadamu.

Ndivyo tulivyofanya na mdogo wangu. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, tukataja kifungu cha 35 na tukauliza maswali matatu: nani aliamua, kwa kutumia nini, na nani atalipa siku nne. Simu ilikuwa imeshafunguka yenyewe Jumanne, bila pole wala maelezo. Barua ilijibiwa baada ya wiki mbili. Walijibu swali la pili peke yake: malipo yalichelewa kusomwa upande wao. Maneno hayo wameyaandika wao wenyewe, na nimeyatoa nakala tatu.

Malalamiko kwa Kamishna tumeyapeleka na siku zinahesabiwa. Wewe kama simu yako imewahi kujifunga ukiwa umelipa, njoo Jumamosi baada ya Alasiri, Makina, pale pale. Beba risiti. Wa Kawangware tutakutana Jumapili, mdogo wangu atakuwa steji, muulize atakuonyesha mlango.

Wassalamu alaykum.